Mabakuli ya Maua ya Bluu na Kopo la Siagi

Wapendwa, kabla sijafika kwenye nilichokuja nacho, hebu kila mama aliyeketi humu ajiulize kimoyomoyo: nyumbani kwako, ukifungua kabati la chini ya sinki, makopo matupu ya siagi yanakuangukia miguuni au hayakuangukii? Naona mnacheka. Akina baba ndio mnacheka zaidi, kwa sababu mmewahi kufungua kopo la aiskrimu kwa furaha mkakuta dagaa. Chekeni tu, lakini mfano wangu wa leo umetoka humo humo kabatini.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji mdogo wa huko kwenye baridi. Jina lake silitaji, kwa sababu nikilitaja mtaanza kugeuka na kutazamana. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mke wa mtu mwenye kazi yake nzuri, na nyumba yao ilikuwa na bati jipya na maji ya bomba ndani. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema ili msije mkamhukumu njiani. Mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa, na alichokitoa hakukitangaza.

Katika vitu vyote vya nyumba ile, alichokipenda zaidi ni seti ya mabakuli aliyopewa siku ya sendofu yake, alipoagwa kwao kabla ya harusi. Mabakuli meupe, yenye maua ya bluu pembeni, kila moja na kifuniko chake. Wanawake mnajua. Kuna vyombo vya kila siku na kuna vyombo vinavyokaa kabatini vikitazamwa. Haya yalikuwa ya kutazamwa, na alikuwa anayatoa kwa wageni wa heshima tu.

Sasa, upande wa pili wa uzio wa michongoma aliishi jirani yake, mwanamke wa rika lake. Hawa wawili walipendana. Yule mama alipojifungua mtoto wake wa kwanza, na mama yake mzazi yuko mbali, jirani huyu ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga na kumfulia nguo za mtoto. Jambo kama hilo mwanamke halisahau. Basi mume wa jirani, fundi wa kupaua mapaa, akaugua, akafa. Akaacha mke na watoto wadogo, na shamba dogo la nyuma ya nyumba.

Baada ya msiba, yule mama alisema moyoni kwamba hatamwacha mwenzake. Kila Jumapili, akitoka ibadani, alipika chakula kizuri, akakipakua na kumpelekea. Alipakua katika nini? Katika yale mabakuli ya maua ya bluu. Hakutaka mwenzake ajione maskini anayetupiwa masalia. Alitaka ajione mgeni wa heshima. Niambieni, kuna ubaya hapo? Mimi siuoni. Ningekuwa mimi ni yule mjane, ningelia kwa furaha.

Na mjane alifurahi. Na bakuli lilirudi. Ninyi mnajua kwetu linarudije. Jirani akikuletea chakula kwenye chombo chake, chombo kile hukirudishi kikavu. Unaweka chochote ulicho nacho: fungu la mchicha, ndizi mbili, hata chumvi. Tumeyakuta hayo kwa mabibi zetu na hatuulizi. Basi bakuli la kwanza lilirudi na matembele. La pili likarudi na maharage mabichi. Mengine yalirudi na njugumawe. Yule mama alipokea, akashukuru, akayaweka jikoni. Matembele mengine, kusema kweli, aliwapa kuku wake, kwa sababu bustanini kwake yalikuwa yamejaa.

Siku moja bakuli likarudi na mayai ya kienyeji. Akafurahi, akayaweka awakaangie watoto asubuhi. Alipopasua la kwanza, akakuta damu. La pili, vivyo hivyo, mishipa myekundu imetambaa ndani. Akasisimka mwili. Akayachukua yote akayatupa kwenye shimo la taka, akanawa mikono kwa sabuni. Hakumwambia mtu, isipokuwa mwenzake mmoja wa kwaya, naye huyo mwenzake akaguna kwa namna ambayo ninyi mnaijua. Hakusema neno. Aliguna tu. Lakini mguno ule uliingia.

Baada ya hapo mabakuli yakaanza kuchelewa. Zamani bakuli lilirudi Jumatatu, sasa lilirudi Alhamisi. Kisha likaja moja ambalo halikurudi kabisa. Akapeleka jingine, nalo likabaki huko huko. Jumapili iliyofuata alipotuma chakula, kilirudi kama kilivyokwenda, na ujumbe wa asante, leo tumeshiba. Na iliyofuata hivyo hivyo, tumeshiba. Yule mama akasimama dirishani akatazama jiko la jirani yake, jiko la nje lile, na halikuwa limetoa moshi tangu asubuhi. Watu wameshiba nini?

Iliuma, wapendwa. Alikutana na jirani yake bombani, jirani akainamisha macho, akajitwika ndoo akaondoka haraka kama mtu anayedaiwa. Yule mama alirudi nyumbani akalia kwenye aproni yake. Alijiuliza amemkosea nini. Alikumbuka mayai yale yenye damu, alikumbuka mguno wa mwenzake wa kwaya, akaanza kuwaza mambo ambayo Mkristo hapaswi kuyawaza. Usiku alisali, akamwambia Mungu, Bwana, mimi nimetoa kwa moyo wangu wote, na rafiki yangu ananipotea. Nimefanya nini?

Ni katika siku hizo mama mkwe wake alipofika kutoka kijijini.

Mama huyu alikuja kutibiwa macho. Macho yenyewe hayakuwa yakiona tundu la sindano, lakini kopo lililotupwa jalalani aliliona tangu mlangoni. Siku ya pili tu kabati la chini ya sinki lilikuwa limejaa. Dumu la mafuta alilikata akapanda vitunguu. Pakiti za maziwa alizijaza udongo, zikaota mipapai. Ndoo ya rangi aliisugua kwa mchanga mpaka ikawa ya maji ya kunawa. Mifuko ya nailoni ya mkate aliifua, jamani, aliifua kwa sabuni, akaianika kwenye kamba kwa vibanio, mbele ya nyumba, siku ambayo wanakwaya walikuwa wanakuja mazoezini. Na makopo ya siagi ndiyo usiseme. Mkwe akitupa, yeye anaokota. Mkwe akificha kwenye taka, yeye anafukua. Baba mwenye nyumba, mwanawe, aliona vita hivyo akaamua kusoma simu yake.

Mwishowe mkwe alishindwa kuvumilia. Akasema kwa adabu, "Mama, wageni wakija wataona tunaishi jalalani."

Mama akajibu bila kugeuka, anapanga makopo yake, "Jalalani ni kule unakotupa vyombo vizima, mwanangu."

Sasa msije mkadhani nataka kuwaambia kwamba mama huyu alikuwa na hekima fulani iliyojificha. Hapana. Alikuwa bahili, na ubahili wake alikuwa nao tangu ujana. Mtu hampakulii nyama bila kuipima kwa jicho. Na jicho hilo hilo bovu liligundua kwamba seti ya maua ya bluu imepungua. Aliuliza mabakuli yako wapi. Mkwe akasema yako kwa jirani. Yamekaa muda gani? Mkwe akageukia sufuria zake. Mama akaguna, na mguno wake haukuwa na siri yoyote: aliona kwamba mwanamke wa kule ng'ambo ya michongoma anakusanya vyombo vya mwanawe.

Jumapili ikafika. Kwaya ilibaki kanisani kufanya mazoezi, na mama mkwe akatangulia nyumbani. Chakula kilikuwa kimepikwa tangu alfajiri, kuku na wali. Alijua desturi ya nyumba ile, kwamba lazima sehemu iende kwa mjane. Hakuipenda, lakini aliogopa kumkasirisha mwanawe. Basi akafungua kabati, akapita mabakuli ya maua bila kuyagusa, akainama chini ya sinki, akatoa kopo kubwa la siagi, lile la manjano lenye picha iliyokwisha kufutika. Akapakua, akalifunga kifuniko, akavuka uzio mwenyewe kwa miguu yake inayouma. Alipofika alisema maneno machache. Alisema, "Chakula hiki. Kopo usilirudishe, tunayo mengi." Akageuka akarudi zake.

Mkwe aliporudi na sare yake ya kwaya akauliza kama chakula kimepelekwa. Akaambiwa kimepelekwa. Akahesabu mabakuli kwa macho, yote yaliyobaki yapo.

"Umepeleka kwenye nini, mama?"

"Kwenye kopo. Likipotea, limepotea kopo."

Wapendwa, yule mama alihisi uso unawaka. Kopo la siagi! Mbwa wao alikuwa anakunywa maji kwenye kopo kama hilo hilo, nyuma ya banda. Mwanamke aliyemkanda tumbo, leo anapelekewa chakula kwenye chombo cha mbwa. Aliona urafiki wake umekwisha, umekwisha kabisa, na safari hii sababu inajulikana. Hakubadilisha nguo. Alitoka na sare yake, akazunguka uzio, karibu anakimbia, akiwa na maneno yake ya kuomba radhi mdomoni.

Alipofika mlangoni alibisha hodi mara moja akaingia. Alichokiona kilimsimamisha. Mjane alikuwa ameketi mkekani na watoto wake, kopo katikati, wanakula wote kwa mikono, na mjane mwenyewe alikuwa anakula kama mtu ambaye hakula jana. Alipomwona mgeni aliruka akasimama. Hakusema karibu. Hakusema habari za ibada. Kitu cha kwanza kilichomtoka kilikuwa hiki:

"Dada, mabakuli yako yapo. Sijayavunja."

Akanyoosha kidole. Juu ya meza, juu ya kitambaa kilichofuliwa, mabakuli mawili ya maua ya bluu yalikuwa yamefunikwa, yanang'aa. Yalikuwa yameoshwa na kuoshwa tena.

"Nivumilie kidogo tu," akaendelea. "Matembele nimeshayachuma mpaka mashina, hayajachipua. Yakichipua tu nakurudishia."

Yule mama akasema hakuja kwa ajili ya mabakuli. Akasema amekuja kuomba radhi kwa kopo, kwamba mama mkwe ni mtu mzima na ana mambo yake, na asione kwamba wamemdharau. Mjane alimtazama kama asiyeelewa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, akionyesha lile kopo, "Huyu bibi alisema silirudishi. Ni kweli silirudishi?"

"Ni kopo tu, dada. La nini kulirudisha?"

Mjane akakaa chini. Akaanza kulia, na huku analia anawaambia watoto, kuleni, kuleni mmalize.

Hapo ndipo yule mama alipotazama kona ya chumba. Palikuwa na tenga ambamo kuku wa jirani yake alikuwa akiatamia mayai. Tenga lilikuwa tupu, na majani makavu yamesukumwa pembeni. Akauliza kuku alitotoa wangapi, ili tu aseme neno. Mjane alifuta uso kwa kanga.

"Hakutotoa. Siku ile sikuwa na kitu cha kuweka kwenye bakuli lako. Niliangalia nyumba nzima. Nikayatoa yale mayai chini yake."

Mnaona? Yale mayai yenye damu. Yule mama aliyanawia mikono kwa sabuni. Aliyatupa, akauamini mguno wa mwenzake. Kumbe yalikuwa vifaranga. Yalikuwa ndiyo akiba pekee ya nyumba ile, ndiyo madaftari ya watoto na chumvi ya mwaka ujao, mjane ameyachomoa chini ya tumbo la kuku wake, yangali na joto, ili bakuli la rafiki yake lisirudi kavu. Na maharage yale mabichi yalikuwa yameachwa kwa ajili ya mbegu. Na matembele aliyowamwagia kuku wake ndiyo yaliyokuwa mboga ya watoto hawa, Jumatatu hadi Jumamosi.

Alisimama pale na sare yake nzuri. Alidhani kwamba tangu msiba alikuwa anailisha nyumba hii. Na aliilisha kweli, kila Jumapili. Kisha bakuli lake likakaa mezani, jeupe, zuri, likisubiri, na nyumba ikajinyima wiki nzima kulijaza. Na siku nyumba ilipokosa kabisa cha kulijazia, mwenye nyumba akaona heri akatae chakula. Akawaambia watoto wenye njaa waseme wameshiba.

Niwaulize, nani hapo alikosa? Mtoaji hakukosa moyo. Mpokeaji hakukosa shukrani, shukrani ndiyo ilikuwa inamuua. Yule bibi bahili, ambaye hakuwa anamwazia mjane lolote jema, ambaye alikuwa analinda vyombo vya mwanawe tu, yeye ndiye aliyempelekea mjane chakula ambacho angeweza kukila. Hata siku aliyorudi kijijini hakujua alichokifanya. Aliondoka na begi limejaa chupa tupu za maji.

Basi yule mama akafanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Alikwenda mezani, akachukua yale mabakuli mawili. Mjane akasimama kumzuia, akasema, dada, subiri nikutafutie hata ndimu. Akamwambia hapana. Akayachukua yakiwa makavu. Akatoka nayo mlangoni, hakupita nyuma ya uzio, alipita njia kuu, Jumapili mchana, watu wanatoka ibada ya pili, amebeba mabakuli matupu, vifuniko amevibana kwapani, ili kila mwenye macho aone kwamba ni matupu na kwamba ameyachukua mwenyewe. Na Jumapili iliyofuata alivuka na kopo la siagi. Na aliponyoosha mkono, mjane alipokea wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Ndugu zangu, sisi tunatoa. Usharika huu unatoa, na mimi ni shahidi. Lakini leo nataka tujiulize tunatoa katika chombo gani. Mtu akiugua tunakwenda kumwona, tunajaa sebuleni, tunasali vizuri, halafu tunakaa. Tunakaa mpaka mtoto wa mgonjwa atumwe dukani kutuletea soda. Je, hamjawahi kumwona yule mtoto akinong'onezwa mlangoni? Jumuiya zetu zinazunguka nyumba kwa nyumba, jambo jema kabisa, na kila nyumba inatuandalia chai. Nyumba ya kwanza ilitoa chai na mkate. Ya pili ikaongeza mayai. Ya tatu ikachinja. Ya nne ni ya mwanamke anayefulia watu nguo. Anafanyaje, wiki ya zamu yake ikifika?

Nitawaambia anavyofanya. Anaacha kuja. Anasema anaumwa mgongo. Na sisi tunamwandika kwenye orodha ya waliopoa, tunaomba hapa mbele, Bwana, warudishe waliopoa kiroho. Hajapoa. Yuko nyumbani amekaa na bakuli letu juu ya meza, ameliosha mara elfu, na hana cha kuweka.

Mungu aliyetupa pumzi hii tunayopumua hakuileta katika bakuli la kurudishwa. Angeileta hivyo, nani kati yetu angekuwa hai leo? Mimi nisingekuwepo. Nisingekuwa na hata ndimu ya kumwekea.

Kwa hiyo tazameni viti hivi. Kuna mahali palikuwa pa mtu, na ninyi mnajua ni pa nani. Mkitoka hapa msiende kumuuliza mbona haonekani. Nendeni mkachukue bakuli lenu. Mlichukue likiwa tupu, mbele za watu, na mcheke naye mlangoni.